Riziki ya Wadogo wa Mfalme: Ardhi Iliyotolewa kwa Sharti la Kurudi

Kiti cha enzi ni kimoja, na mfalme aliyejaliwa wana wanne hubaki na watatu wasio na pa kukaa. Historia ya falme nyingi husimuliwa kwa kumfuata yule mmoja aliyekalia kiti, na wale watatu huonekana pale tu wanapoasi au wanapokufa vitani. Mimi huvutiwa zaidi na hao watatu, hasa na swali la kawaida kabisa la maisha yao: walikula wapi? Nani aliwagharimia watumishi, farasi, nyumba na harusi, na fedha hizo zilitoka wapi? Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo la riziki liliamua mambo makubwa kuliko vita vingi tunavyovikariri. Ufaransa ndiyo inayofundisha zaidi katika jambo hili, kwa sababu ililijibu kwa sheria, ikaona upungufu wa sheria hiyo, ikairekebisha, na ikaendelea hivyo kwa muda wa karne sita.

Jibu la kale lilikuwa kugawa kila kitu. Mfalme Clovis wa Wafranki alipofariki mwaka 511, ufalme wake uligawanywa kwa wanawe wanne, na kila mmoja akawa mfalme katika fungu lake. Zaidi ya karne tatu baadaye mambo yalikuwa yale yale: wajukuu watatu wa Charlemagne walipigana hadi wakakubaliana huko Verdun, mwaka 843, kuigawa milki ya babu yao mafungu matatu. Mgawo wa namna hii una haki yake, na siudharau, kwa kuwa hakuna mtoto anayeondoka mikono mitupu. Lakini kila kizazi kinapogawa, kizazi kinachofuata hurithi kipande kidogo zaidi, pamoja na jirani ambaye ni binamu mwenye madai. Ukoo wa Capet, ulioshika kiti cha Ufaransa kuanzia mwaka 987, ulichagua njia nyingine. Wafalme wake wa mwanzo walimtawaza mwana mkubwa baba akiwa bado hai, ili siku ya msiba pasiwe na la kujadili. Ufalme ukabaki mzima, na wadogo wakabaki na swali lao.

Kumwacha mdogo wa mfalme bila kitu hakukuwezekana, na sababu haikuwa mapenzi ya mzazi peke yake. Mwana wa mfalme anayeishi kwa kukopa ni aibu kwa kiti chenyewe. Asingeweza kuoa katika nyumba kubwa bila kuonyesha mapato, na bila ndoa hiyo ufalme ungekosa wakwe na mashemeji wa maana. Zaidi ya hayo, ndugu wa mfalme mwenye njaa ndiye mtu anayekimbiliwa na kila bwana mwenye kinyongo, maana uasi unaoongozwa na damu ya kifalme hupata heshima ambayo uasi wa mtu mwingine hauipati. Kumpa kupita kiasi nako kulikuwa na hatari yake, kwa kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Kazi ya wafalme na wanasheria wao ilikuwa kutafuta kipimo kilicho kati ya njaa na nguvu, na kipimo hicho kilikuwa chembamba sana.

William Mshindi, mtawala wa Normandy aliyeiteka Uingereza, alipokuwa kitandani akisubiri kufa, mwaka 1087, alifuata kanuni iliyozoeleka miongoni mwa mabwana wa nchi yake: ardhi ya mababu kwa mwana mkubwa, na ardhi aliyoiteka mwenyewe baba aweze kuitoa apendavyo. Robert akapata Normandy, William mwanawe akapata Uingereza, na Henry, mdogo wao, akapewa pauni 5,000 za fedha bila hata shubiri moja ya ardhi. Mtawa mmoja aliyeandika historia ya zama zile anasimulia kwamba Henry alikwenda mara moja kuhakikisha fedha hiyo inapimwa vizuri isipungue, kisha akatafuta mahali imara pa kuihifadhi, na baba yake alikuwa hajakata roho bado. Wapo wanaomwona kijana huyo kuwa ni mtu asiye na utu. Mimi naona mtu aliyeielewa hali yake kuliko kaka zake walivyoielewa ya kwao, kwa sababu hakuwa na ngome, wapangaji wala askari, na kama mizani ingekosea, hakukuwa na mahali pengine pa kupata. Muda si mrefu Robert, aliyekuwa na ardhi lakini hana fedha, alimuuzia Cotentin, sehemu ya Normandy, kwa pauni 3,000. Mwaka 1100 Henry alikuwa mfalme wa Uingereza, na mwaka 1106 alimshinda Robert huko Tinchebray, akaichukua Normandy na kumweka kaka yake kifungoni hadi alipofariki. Mdogo aliyenyimwa ardhi ndiye aliyeishia kuwa nazo zote.

Wosia wa Louis VIII wa Ufaransa, ulioandikwa mwaka 1225, ndio ninaouona kuwa mwanzo halisi wa utaratibu ambao Wafaransa waliuita apanaji, yaani fungu la ardhi anayotengewa mwana mdogo ili aishi kwa mapato yake. Mfalme huyo alikuwa na watoto wengi wa kiume na alikuwa na ardhi mpya nyingi mkononi. Baba yake alikuwa amewanyang'anya wafalme wa Uingereza Normandy, Anjou na Maine. Yeye mwenyewe alikuwa ameiteka Poitou mwaka 1224. Na Artois ilikuwa imetoka kwa mama yake, Isabelle wa Hainaut. Aliamuru kwamba mwana mkubwa arithi ufalme na ardhi ya asili ya ukoo, wa pili apate Artois, wa tatu apate Anjou na Maine, wa nne apate Poitou na Auvergne. Wa tano, na wote watakaozaliwa baada yake, waingie katika utumishi wa Kanisa. Ukiitazama ramani, mpango huo una busara kubwa: kilichogawanywa ni kile kilichokuja juzi, ambacho kilikuwa bado kinahitaji mtu wa kukiangalia kwa karibu, na eneo la kuzunguka Paris halikuguswa.

Mwaka uliofuata mfalme alifariki akirudi kutoka vitani kusini, na mrithi wake, Louis IX, alikuwa na umri wa miaka 12. Hakuna aliyekabidhiwa fungu lake akiwa mtoto; kila mmoja alisubiri hadi alipokomaa na kufanywa shujaa wa farasi, Robert wa Artois mwaka 1237, Alphonse wa Poitou mwaka 1241, Charles wa Anjou mwaka 1246. Huyu Charles ni mmoja wa wale ambao baba yao alikuwa amewapangia Kanisa. Aliyetajwa kwa Anjou alikufa akiwa mtoto, na fungu likashuka hadi kwake. Badala ya askofu, dunia ikapata Charles wa Anjou, aliyeoa Provence kwa kumwoa mrithi wake mwaka ule ule wa 1246, na ambaye miaka 20 baadaye alikuwa mfalme wa Sicily.

Alphonse ndiye anayeonyesha jinsi fungu hili lilivyofanya kazi lilipofanya vizuri. Hakwenda kuishi Poitou akajijengea ufalme mdogo. Alikaa zaidi karibu na Paris, akaitawala ardhi yake kwa barua na kwa maofisa, akidai hesabu, akituma wachunguzi wa kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya maofisa hao, na sehemu kubwa ya barua hizo ipo hadi leo. Utaratibu wa serikali ya kaka yake ukasafiri kusini kwa jina la mdogo wake, bila watu wa huko kujisikia wamemezwa ghafla. Alikuwa amemwoa Joan, mrithi pekee wa Toulouse, na mkataba wa mwaka 1229 uliomaliza vita vya kusini ulikuwa umeshaeleza kwamba wasipopata mtoto nchi hiyo itakwenda kwa mfalme. Mwaka 1271 mume na mke walifariki wakirudi kutoka katika vita vya msalaba, wakipishana kwa siku chache, bila mtoto. Poitou, Auvergne na Toulouse zikaingia mikononi mwa mfalme zote kwa pamoja.

Au ndivyo mfalme alivyoona. Charles wa Anjou alidai kwamba yeye, akiwa ndugu wa karibu kabisa wa marehemu, ndiye mrithi wa Poitou na Auvergne kuliko mpwa wake Philip III. Kwa desturi ya urithi wa kawaida hoja yake ilikuwa na uzito, na sidhani alidai kwa tamaa peke yake. Shauri lilisikilizwa na Mahakama Kuu ya Paris, na mwaka 1284 likaamuliwa dhidi yake: fungu alilopewa mwana wa mfalme, anapofariki bila mtoto, hurudi ufalmeni, haliendi kwa ndugu. Uamuzi huo ndio nguzo ya mambo yote yaliyofuata, kwa sababu kuanzia hapo apanaji ilieleweka kuwa ni ardhi iliyokabidhiwa kwa sharti, ambayo ufalme haukuacha kuwa na haki nayo.

Kulikuwa na tundu katika ukuta huo, na tundu lenyewe lilikuwa Artois. Robert wa Artois, mtoto wa yule mwana wa pili wa Louis VIII, aliuawa katika vita vya Courtrai mwaka 1302. Mwanawe alikuwa ameshakufa akiacha mtoto wa kiume, naye aliitwa Robert, lakini desturi ya Artois haikumruhusu mjukuu kusimama mahali pa baba yake. Ardhi ikaenda kwa binti wa marehemu, Mahaut, kwa kuwa hakuna hati iliyosema mabinti wasirithi. Robert mjukuu alishitaki akashindwa, akashitaki tena akashindwa, kisha zikatokea barua za kale zilizomuunga mkono, na zikagundulika kuwa za kughushi. Mwanamke aliyehusika kuzitengeneza alichomwa moto. Mwaka 1332 Robert alifukuzwa katika ufalme, akaishia Uingereza kwa Edward III, na mfalme wa Ufaransa alipoitwaa Guyenne, ardhi ya Edward iliyokuwa Ufaransa, mwaka 1337, kitendo kilichofungua Vita vya Miaka Mia, moja ya sababu alizotoa ni kwamba Edward alikuwa amempa hifadhi adui yake. Sisemi kwamba vita ile ilitokana na Artois, maana ilikuwa na mizizi mingi. Ila sentensi moja iliyokosekana katika wosia wa 1225 ilimpa kila upande kisingizio.

Sentensi hiyo ilikuwa imeshaandikwa wakati huo, kwa ajili ya mafungu mapya. Mwaka 1314, karibu na kifo chake, Philip IV alielekeza kwamba Poitou, aliyompa mwanawe wa pili, irudi ufalmeni endapo hatakuwapo mrithi wa kiume. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu: binti akiolewa, ardhi inahamia kwa mumewe, na mume anaweza kuwa mtu wa nje. Mabinti wa mfalme wakawa watu wa kupewa fedha. Charles V alipopanga maisha ya watoto wake mwaka 1374, mabinti aliwatengea fedha za kuolewa nazo, na mwanawe mdogo, Louis, alimpangia ardhi yenye mapato ya livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) 12,000 kwa mwaka pamoja na fedha taslimu za kuanzia maisha. Ni kiwango cha mtu anayefahamu gharama ya ukarimu, na alikuwa na sababu ya kuifahamu, kwa kuwa ndugu zake watatu walikuwa wamemzunguka na mafungu makubwa: Louis na Anjou, Jean na Berry, Philip na Burgundy.

Philip alikuwa na miaka 14 katika vita vya Poitiers, mwaka 1356, na kaka zake walipoondolewa uwanjani yeye alibaki kando ya baba yake, Jean II, hadi wote wawili wakatekwa na kupelekwa Uingereza. Baba hakusahau. Mwaka 1363 alimpa Burgundy, jimbo lililokuwa limemrudia miaka miwili kabla baada ya tawi la zamani la ukoo kukatika, na hati yenyewe inakumbuka siku ile ya Poitiers. Nikiisoma habari hiyo namwelewa kabisa mzee yule, na ninaelewa pia kwamba sheria nyingi za ufalme huvunjwa kwa shukrani kuliko kwa uovu. Hata hivyo Burgundy peke yake isingemfanya Philip kuwa tishio. Kilichomkuza ni harusi. Mwaka 1369 alimwoa Margaret, mrithi wa Flanders, na aliyeipigania ndoa hiyo ni Charles V mwenyewe, kwa kuwa Edward III alikuwa akimtaka binti huyo kwa mwanawe. Baba mkwe alipofariki mwaka 1384, Philip akapata kupitia mkewe Flanders yenye miji tajiri ya nguo, pamoja na Artois ile ile, iliyokuwa imeshuka kutoka kwa Mahaut kwa njia ya mabinti.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona halitiliwi mkazo wa kutosha. Sheria yote ya apanaji ilifunga mkono wa baba: atoe nini, kwa nani, na kirudi lini. Ndoa haikuweza kuifunga. Mfalme alitoa fungu la wastani ili mwanawe astahili kuoa vizuri, mwana akaoa vizuri, na kilichoongezeka kwa mke hakikuwa chini ya sharti lolote la kurudi. Provence ilikuwa hivyo, Flanders ilikuwa hivyo. Robert, mwana mdogo wa Louis IX, alipewa Clermont tu. Mkewe Beatrice ndiye aliyemletea Bourbon, na mwaka 1589 mzao wao alikuwa Henry IV, mfalme wa Ufaransa. Hata Uingereza, isiyokuwa na sheria hii, John wa Gaunt, mwana wa Edward III, aliipata Lancaster kwa mkewe Blanche. Mwaka 1399 Richard II alipomnyima mtoto wao urithi huo, mtoto alirudi kutoka uhamishoni kuudai na akaondoka na taji. Mara tu alipoketi aliamuru Lancaster iendelee kusimama peke yake, isichanganywe na mali nyingine za kiti, na mfalme wa Uingereza bado anapokea mapato yake hadi leo.

Ndoa haikuwa njia pekee ya kuvuka mpaka. Philip wa Burgundy na yule Louis aliyepangiwa livre 12,000 walichota kwa wingi katika hazina ya mfalme, hasa baada ya Charles VI kuugua akili na nchi kuongozwa na jamaa zake. Louis alipata Touraine, kisha Orléans mwaka 1392, na kipimo cha baba yake kikasahaulika. Philip alipofariki mwaka 1404, mwanawe John alijikuta mlango wa hazina umefungwa kwake na umebaki wazi kwa Louis. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1407, Louis alitoka katika nyumba ya malkia jijini Paris akiwa na wasindikizaji wachache, na watu waliotumwa na John wakamshambulia barabarani na kumuua. John alikiri mwenyewe, na baadaye akamleta msomi wa kueleza kwamba aliyeuawa alikuwa dhalimu. Miaka 12 baadaye naye aliuawa kwenye daraja la Montereau, mbele ya mrithi wa kiti, na mwanawe akajiunga na Waingereza. Watoto wa wana wawili wadogo, waliopewa ardhi ili wasiwe mzigo kwa ufalme, nusura waumalize.

Mwisho wa Burgundy ulikuja Nancy, tarehe 5 Januari 1477. Charles, mtawala wa nne wa tawi hilo, aliuawa katika vita, na mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye ukiwa uchi, uso umegandamana na barafu na kuliwa na mbwa mwitu, hata ikabidi tabibu wake autambue kwa makovu. Aliacha binti mmoja, Mary. Louis XI, mfalme wa Ufaransa, alipeleka majeshi na wanasheria kwa wakati mmoja: hakuna mrithi wa kiume, kwa hiyo jimbo limerudi. Upande wa Mary ulijibu kwamba hati ya mwaka 1363 haikuwatenga mabinti. Hoja hiyo haikuwa dhaifu, ila majeshi yalikuwa yameshaingia Dijon. Ufaransa ikaipata Burgundy. Flanders na nchi nyingine zilizokuja kwa ndoa zikaondoka kwa ndoa, Mary alipoolewa na Maximilian wa Habsburg.

Amri ya Moulins ya mwaka 1566 iliyaweka mafunzo hayo yote katika maandishi. Ardhi ya ufalme haiwezi kutolewa isipokuwa kwa sababu mbili, mahitaji ya vita, kwa sharti la kuikomboa baadaye, na riziki ya wana wadogo wa nyumba ya Ufaransa, kwa sharti la kurudi uzao wa kiume unapokwisha. Kulikuwa bado na nafasi ya fujo. Gaston, mdogo wa Louis XIII, alipewa Orléans mwaka 1626 na akatumia miaka mingi katika njama. Mwaka 1632 bwana mkubwa aliyemfuata, Montmorency, alikatwa kichwa huko Toulouse, na Gaston akasamehewa. Jambo hilo hunichukiza kila ninapolisoma, kwa kuwa linaonyesha nani alilipa uasi wa wana wa wafalme. Gaston hakuacha mwana wa kiume, na mwaka 1661 Orléans ikatolewa upya kwa Philippe, mdogo wa Louis XIV. Huyu alikuwa na mapato makubwa na jumba zuri la Palais-Royal, lakini kodi, askari na maamuzi yalikuwa ya kaka yake, ambaye alipendelea kumwona karibu naye kila siku.

Kanisa nalo liliendelea kubeba sehemu ya mzigo, wakati mwingine kwa namna ambayo leo ni vigumu kuiamini. Huko Osnabrück, Ujerumani, makubaliano ya mwaka 1648 yaliamua kwamba askofu mtawala awe Mkatoliki na Mprotestanti wa ukoo wa Brunswick-Lüneburg kwa zamu. Zamu ya ukoo ilipofika, mwaka 1764, George III wa Uingereza, aliyekuwa wa ukoo huo, alimweka mwanawe wa pili, Frederick, aliyekuwa na umri wa miezi sita. Mapato ya nchi nzima yakawa ya mtoto mchanga, na yaliendelea kuwa yake hadi uaskofu huo ulipofutwa mwaka 1803.

Kwa anayedhani kwamba posho bila ardhi wala madaraka ndiyo dawa, China ya enzi ya Ming inatoa jibu zito. Mfalme Hongwu, mwanzilishi wa enzi hiyo, aliwapeleka wanawe kwenye ngome za mipakani wakiwa na majeshi. Mmoja wao, Zhu Di, aliyekaa mahali palipo na Beijing ya leo, aliasi mwaka 1399 dhidi ya mpwa wake aliyerithi kiti, na mwaka 1402 akawa mfalme Yongle. Kwa kuwa alijua njia aliyopita, aliwafungia wengine. Chini yake na chini ya waliomfuata majeshi ya wana wa wafalme yalipunguzwa, wakakatazwa kutoka nje ya miji yao bila ruhusa, wakakatazwa kushika vyeo, kufanya biashara na kufanya mitihani ya utumishi, na badala yake wakapewa nafaka kulingana na daraja. Mwana wa mfalme alipewa shi (kipimo cha nafaka cha Kichina) 10,000 kwa mwaka, na wazao wake wote, kizazi kwa kizazi, walikuwa na haki ya kiasi fulani.

Mtu asiyeruhusiwa kazi yoyote na anayelipwa kwa kuzaliwa huzaa. Mwaka 1562 ofisa Lin Run alimwandikia mfalme hesabu ambayo ilipaswa kumnyima usingizi: nafaka iliyopelekwa mji mkuu kila mwaka ilikuwa shi milioni 4, na posho za ukoo wa kifalme zilifikia shi milioni 8.53. Katika jimbo la Shanxi nafaka iliyobaki jimboni ilikuwa shi milioni 1.52, na posho za jamaa za mfalme waliokuwa humo zilidai shi milioni 3.12. Kwa hiyo posho hazikulipwa. Walio juu waliendelea kupata, na walio chini, wajukuu wa wajukuu, walikaa wakisubiri nafaka isiyofika na kibali cha kuoa kisichotoka, huku wamezuiwa hata kuuza mboga. Katika hali hiyo mfalme Wanli alimpa mwanawe kipenzi, mtawala wa Fu, qing 20,000 za mashamba, zaidi ya hekta laki moja, na mwaka 1614 akampeleka Luoyang, mji wa jimbo la Henan. Mashamba ya kutosha hayakupatikana katika Henan, ikabidi yatafutwe hadi majimbo ya jirani. Mwaka 1641 waasi wenye njaa wa Li Zicheng waliingia Luoyang na kumuua. Kati ya njia zote nilizozitaja, hii naiona kuwa mbaya kuliko zote, kwa kuwa iliwaumiza walipa kodi na pia wale iliyokusudiwa kuwalisha.

Ufaransa ilikoma kutoa ardhi mwaka 1790, Bunge la Mapinduzi lilipofuta mafungu hayo na kuweka malipo ya kila mwaka mahali pake. Baada ya kuanguka kwa Napoleon, ukoo wa Orléans ulirudishiwa fungu lake, na aliyekuwa nalo mwaka 1830, Louis-Philippe, alikuwa mwenye apanaji wa mwisho katika nchi hiyo. Alipoitwa kushika kiti alijua kanuni ya zamani: anayekuwa mfalme, mali yake huungana na mali ya ufalme. Kwa hiyo tarehe 7 Agosti 1830, siku mbili kabla ya kuapa, alisaini hati ya kuwapa watoto wake mali yake binafsi, wote isipokuwa mkubwa, kwa kuwa mkubwa angepata kiti. Fungu la Orléans lenyewe lilichukuliwa na dola kwa sheria ya mwaka 1832. Mwanawe wa pili, Duke wa Nemours, alipokaribia kuoa, serikali iliomba apewe faranga 500,000 kwa mwaka. Mwezi Februari 1840 wabunge walilikataa ombi hilo kwa kura 226 dhidi ya 200, bila hata kulijadili, na baraza la mawaziri likajiuzulu. Miaka 12 baadaye Louis-Napoléon, aliyekuwa rais wa Ufaransa, aliibatilisha ile hati ya mwaka 1830 na kutaifisha mali yote, na ilipofika mwaka 1872 ni jamhuri ndiyo iliyowarudishia watoto na wajukuu kile kilichokuwa hakijauzwa.